Great Yarmouth, Brighton au Copenhagen: uende wapi kuiona mitambo ya upepo ya baharini

Kila kiangazi hunipigia simu ndugu fulani anayejiandaa kuja Uingereza. Tukishamaliza salamu na habari za nyumbani, swali huwa lile lile: ile mitambo ya upepo iliyosimama katikati ya bahari, mtu anaweza kwenda kuiona? Anaweza. Ila ipo ya kila namna, na ukikosea kuchagua utamaliza siku na nauli yako ukitazama vijiti vyeupe ndani ya ukungu. Nimefika sehemu tatu, nyingine zaidi ya mara moja, nikiwa na watoto, na safari moja nikiwa na mjomba wangu wa Tanga aliyekuwa nahodha wa jahazi. Nazilinganisha hapa kama ninavyomweleza ndugu kwenye simu.

Kwa mwenye haraka: ukiwa na siku nzima na una watoto au wazee, nenda Great Yarmouth. Ukiwa London, muda ni mfupi na tumbo lako linaivumilia bahari, nenda Brighton. Ukiwa na viza ya Schengen, au ukiwa tayari unaishi upande wa bara la Ulaya, Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, inazizidi zote mbili kwa jambo moja nitakalolieleza. Mwenye nafasi na aendelee kusoma.

Tazama umbali kabla ya ukubwa

Wengi huanza na idadi. Wanasoma kwamba Rampion, mradi ulio mbele ya Brighton, una mitambo 116 na uwezo wa megawati 400, kisha wanasoma kwamba Scroby Sands, ulio mbele ya Great Yarmouth, una 30 tu na megawati 60. Hapo hapo wanakata tiketi ya Brighton. Hesabu hiyo inamfaa anayenunua umeme. Anayekwenda kutazama anapaswa kuuliza kwanza mitambo iko umbali gani kutoka ufukweni.

Ya Scroby Sands iko takriban kilomita 2 na nusu kutoka nchi kavu. Ya Rampion, ule ulio karibu kabisa uko kilomita 13, na mingine iko mbali zaidi. Mtambo wa Scroby, ukiupima kutoka majini hadi ncha ya panga (bawa linalozungushwa na upepo) lililosimama wima, una kama mita 100; wa Rampion una mita 140. Sasa simama ufukweni unyooshe mkono. Great Yarmouth, mtambo mmoja ni mrefu kama upana wa kidole gumba chako. Brighton, unazidi kidogo tu nusu ya upana wa kidole cha mwisho. Kwa hiyo ule mdogo unauona karibu mara nne ya ule mkubwa.

Kuna na la upeo wa macho. Ukisimama kando ya maji, macho yako yanaishia kama kilomita 5 mbele, baada ya hapo bahari inaanza kuinama. Mitambo ya Rampion iko nje ya mstari huo, kwa hiyo miguu yake huioni ukiwa chini ufukweni. Mtu wa pwani halihitaji somo hili. Jahazi likirudi, tanga ndilo linaloonekana kwanza, chombo chenyewe baadaye. Rampion inaonekana hivyo hivyo, matanga matupu yaliyoota majini.

Great Yarmouth

Mji huu uko mashariki ya Uingereza, kwenye Bahari ya Kaskazini. Kutoka London unapanda treni hadi Norwich, unabadilisha pale, na nusu saa baadaye au zaidi kidogo uko Great Yarmouth. Hesabu saa tatu hivi kwa safari yote. Ni mbali ukilinganisha na Brighton, na hilo ndilo doa lake kubwa.

Siku niliyompeleka mjomba ilikuwa ya upepo mkali wa kutoka nchi kavu. Tulitembea kwenye barabara ya pwani, tambarare, mchanga upande mmoja na maduka ya peremende upande mwingine. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za mitambo. Yeye hakuitazama kwanza. Aliweka kiganja juu ya nyusi, akatazama maji.

"Mwanangu, pale pana fungu," akasema. "Tazama maji yanavyopasuka meupe na hakuna mwamba."

Alikuwa sahihi. Scroby Sands lenyewe ni jina la fungu, fungu la mchanga refu linalokwenda sambamba na pwani, ambalo sehemu yake huibuka maji yakipwa. Mabaharia waliliogopa kwa karne nyingi kwa sababu vyombo vilikwama na kuvunjikia pale. Mwaka 2004 sababu ile ile ya hofu ikawa faida: maji ni machache, kwa hiyo nguzo za chuma zilipigiliwa ardhini bila kulazimika kwenda kwenye kina kirefu. Mjomba alinyamaza nilipomweleza hivyo, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea. Mchanga wa fungu hauhami? Unahama. Mawimbi na mikondo huchimba mashimo kuzunguka miguu ya nguzo, na wahandisi humwaga mawe kuzuia. Aliridhika na jibu hilo kuliko yote niliyompa siku ile.

Kisha akaitazama mitambo. Yote 30 ilikuwa imetugeuzia uso, kwa maana mtambo wa aina hii huuelekea upepo, na upepo ulikuwa unatoka mgongoni kwetu. Kichwa cha mtambo hugeuzwa na mota juu ya nguzo kila upepo unapobadilika, kwa hiyo ukisimama ufukweni unaweza kuusoma upepo wa baharini bila bendera. Mapanga yana urefu wa karibu mita 40 kila moja. Yakizunguka kwa kasi yake kamili, ncha ya panga hupita hewani kwa zaidi ya kilomita 200 kwa saa, ila kwa macho unaona kitu kinachojivuta kama pangaboi la msikitini umeme ukiwa mdogo.

Kitu cha pili cha Great Yarmouth ni sili, wanyama wa baharini wenye mapezi na manyoya mafupi. Wanalipenda fungu lile, wanajilaza juu ya mchanga maji yakipwa, na majira ya joto kuna boti za watalii zinazokwenda kuwatazama. Ukienda nazo unapata viwili kwa nauli moja, maana mitambo iko pale pale. Kwa watoto hakuna kinachozidi hapo. Binti yangu alikuwa ameichoka mitambo baada ya dakika 10, lakini sili mmoja aliyeinua kichwa akatukodolea macho yake meusi makubwa alimshika mpaka tukarudi gatini. Uliza muda wa maji kupwa kabla hujakata tiketi ya boti, kwa sababu maji yakijaa fungu hufunikwa na sili hutawanyika.

Ukitaka kusimama chini ya mtambo kabisa, shuka kusini hadi Lowestoft, mji wa jirani. Pale Ness Point, sehemu ya mashariki kuliko zote nchini Uingereza, kuna mtambo mmoja wa nchi kavu uliopachikwa jina la Gulliver, urefu wake mita 126. Hakuna boti wala tiketi. Unatembea tu hadi chini yake na kuinua shingo. Hapo ndipo nilipoisikia sauti yenyewe: kila panga likishuka hutoa mvumo mzito, kama mtu anayekung'uta shuka kubwa juu ya dari. Kivuli chake kilipita juu ya mjomba, kikarudi, kikapita tena, naye akavua kofia akaishika mkononi. Tulikaa pale zaidi ya tulivyokaa Great Yarmouth kwenyewe.

Brighton

Faida ya Brighton ni urahisi. Treni kutoka London huchukua saa moja hivi, ziko nyingi, na kutoka stesheni hadi baharini ni mwendo wa miguu wa kuteremka. Kando ya ufuo kuna kituo cha wageni cha mradi wa Rampion, kuingia ni bure, kina maelezo na michezo ya kuonyesha watoto umeme unavyotoka baharini hadi nyumbani. Ukifika siku ya mvua au ukungu, angalau hutarudi mikono mitupu. Jina lenyewe ni la ua la zambarau linaloota kwenye vilima vya mkoa huo, ua ambalo watu wa Sussex wamelifanya nembo yao. Nililipenda hilo. Umeme ulianza kutoka mwaka 2017 na mradi ulikamilika 2018.

Ufuo wa Brighton hauna mchanga, ni kokoto tupu. Mzee mwenye magoti mabaya atapata tabu, na gari la mtoto halisukumiki. Na kwa ile hesabu ya kidole cha mwisho, anayebaki ufukweni hajaiona Rampion. Ana njia mbili. Ya kwanza ni kupanda juu: basi la kutoka mjini hupanda hadi Devil's Dyke, kilima chenye urefu wa zaidi ya mita 200, na siku ya mwanga safi mitambo yote inajipanga mbele yako safu kwa safu. Ukiwa juu unaona ukubwa wa eneo lenyewe, jambo ambalo hata boti haikupi. Beba darubini. Ya pili ni boti.

Boti za Rampion hutoka bandari ya mashua ya Brighton, na utenge nusu siku. Mara ya kwanza tulifika saa 3 asubuhi tukaambiwa safari imefutwa, mawimbi makubwa. Sikulalamika, nahodha anayeogopa bahari ndiye wa kupanda naye. Lililoniuma ni fedha, kwani mwenye boti alizirudisha baada ya wiki 6 na simu nisizozihesabu. Kwa hiyo kabla ya kulipa, soma masharti ya kurudishiwa fedha safari ikifutwa kwa ajili ya hali ya hewa, na usipange boti siku ya mwisho ya safari yako.

Mara ya pili tulikwenda. Kwa saa nzima mitambo ilikuwa haikui, kisha ghafla ikakua yote kwa pamoja. Ukiwa karibu unaona vitu ambavyo picha hazionyeshi: sehemu ya chini ya nguzo imepakwa rangi ya njano iliyokolea ili vyombo viione, ngazi ya chuma inashuka mpaka majini, namba imeandikwa kubwa ubavuni, na pale maji yanapopanda na kushuka pameota mwani wa kijani mzito kama kwenye nguzo za gati la zamani. Ndege weusi wa baharini walikuwa wamekaa kwenye reli wakianika mabawa. Kila panga lina urefu wa mita 55 hivi. Katikati ya mitambo 116, ukizunguka nafsi yako huoni mwisho wake upande wowote, na mtoto wangu mkubwa, ambaye kwa kawaida ana neno kwa kila kitu, hakusema lolote. Yule mdogo alikuwa anatapika kwenye ndoo. Bahari ile ya Mlango wa Uingereza ina mawimbi mafupi yanayofuatana upesi, tofauti na mawimbi marefu ya kusi tuliyoyazoea, na humlevya hata mtu aliyekulia Kigamboni.

Aprili 2025 serikali iliruhusu ujenzi wa Rampion 2, mitambo isiyozidi 90 karibu na ile ya kwanza, kwa hiyo mandhari ya pale yatabadilika miaka ijayo.

Copenhagen

Denmark ndiyo iliyoanza kazi hii. Mradi wa kwanza wa baharini duniani, Vindeby, ulikuwa wao, mitambo 11 midogo ya mwaka 1991, ikabomolewa 2017. Ule ninaopendekeza ukauone ni Middelgrunden, mitambo 20 ya megawati 2 kila mmoja, kilomita 3 na nusu hivi nje ya bandari ya Copenhagen, iliyoanza kazi mwishoni mwa mwaka 2000. Jina lake, ukilitafsiri, ni fungu la kati. Tena fungu.

Kuifikia hakuna rahisi kama hiyo. Metro ya M2 inayotoka uwanja wa ndege hupita stesheni za Femøren, Amager Strand na Øresund, na kutoka yoyote kati ya hizo unatembea dakika chache hadi ufuo wa mchanga wa Amager. Mitambo iko mbele yako kwenye mstari uliopinda kama upinde, na kulia kwake kuna daraja refu la kwenda Uswidi. Mwenye saa 5 za kusubiri ndege anaweza kutoka, akaiona, akanywa kahawa, akarudi. Sharti ni viza: mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji ya Schengen, hata kama anaishi Uingereza kihalali. Na anayetoka Denmark au Ujerumani kwenda Brighton kwa pasipoti hizo anahitaji ya Uingereza. Wengi wetu tunachaguliwa mahali na pasipoti kabla hatujachagua wenyewe, kwa hiyo anza na hilo.

Kilichonifanya niseme Copenhagen inazizidi nyingine ni mwenye mali. Mitambo 10 kati ya ile 20 ni ya ushirika. Watu wa kawaida, zaidi ya 8,000, walinunua hisa 40,500, wakawa wamiliki wa nusu ya mradi, na nusu nyingine ikawa ya shirika la umeme la mji. Aliyekulia kwenye vyama vya ushirika vya kahawa au pamba, au aliye na akiba yake kwenye SACCOS, atalielewa jambo hili mara moja. Wakazi walisikilizwa pia kwenye ramani: mpango wa mwanzo ulikuwa mitambo 27 kwa safu tatu, na baada ya maoni yao ikawa 20 kwa mstari mmoja wa kupinda, ili mji uwe na kitu kizuri cha kutazama. Mzee mmoja niliyemkuta ufukweni akitembeza mbwa aliniambia ana hisa 5, akaninyooshea kidole kule, akasema yangu ni ile. Hakuwa na mtambo mmoja wa peke yake, bila shaka, lakini alivyousema!

Ushirika huo huandaa ziara za boti kwa vikundi, na baadhi ya vikundi vimepanda hadi juu kwa ndani ya nguzo. Kwa hiyo ukiwa na chama cha Waswahili katika mji wenu, au kikundi cha wanafunzi, andikeni barua mapema. Kwa mtu mmoja mmoja, ufuo wa Amager unatosha. Kinachokosekana ni sili na michezo ya watoto.

Wakati wa kwenda

Hapa pana mgongano ambao lazima uujue. Bahari za kule huwa na upepo mwingi zaidi majira ya baridi, na boti za watalii huenda majira ya joto. Ukienda Julai siku ya bahari shwari, boti itatoka, lakini mitambo inaweza kuwa imelala, maana inahitaji upepo wa kama mita 4 kwa sekunde ili ianze kuzunguka. Ukienda Januari itakuwa inazunguka kweli kweli, na wewe utakuwa ufukweni umejikunyata, jua linazama kabla ya saa 11 jioni. Upepo ukizidi mita 25 kwa sekunde mitambo hujisimamisha yenyewe, kama nahodha anavyoteremsha tanga. Mimi nachagua Mei au Septemba, na nachagua siku ya upepo wa kadiri kwa kutazama utabiri siku mbili kabla. Great Yarmouth na Copenhagen zinakubali utaratibu huo kwa sababu huhitaji boti ili uone. Brighton inakulazimisha ubahatishe.

Chakula kisikusumbue. Brighton na Copenhagen ni miji mikubwa, utapata cha halali bila shida. Great Yarmouth sisi huwa tunabeba chapati na chupa ya chai, tunaongeza samaki na chipsi za pale.

Na aliye nyumbani, ambaye viza na nauli ya ndege havipo kwenye mipango yake? Pwani ya Kenya na Tanzania bado haina mradi mkubwa wa aina hii. Anayetaka kuona mitambo kwa karibu aende vilima vya Ngong, nje ya Nairobi, ambako KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme ya Kenya, ina mitambo ya megawati 25.5. Hakuna bahari pale, ila unatembea kwa miguu chini ya mapanga yenyewe, huku Bonde la Ufa likiwa limefunguka upande wa pili wa kilima, na matatu ya 111 inakushusha Ngong mjini. Mjomba ameshaniambia safari ijayo ni huko, na ameniagiza nimletee koti zito.